Rimoti ya Hoteli Haijui Tuko Kenya

Wasee, kuna mahali hapa Kenya ambapo kupata habari za Kenya saa moja jioni ni kazi ngumu kweli. Si kule ndani ndani ambako netiwaki hushika ukipanda juu ya jiwe. Ni kwa chumba cha hoteli. Shuka nyeupe, taulo imekunjwa kama swara, TV kubwa ukutani, chaneli karibu themanini.

Themanini! Na bado unabonyeza rimoti hadi kidole gumba kinauma, ukitafuta Nipashe tu.

Najua kuna mtu ashaanza kucheka. Ati huyu ameishiwa na mada, sasa anapigana na TV za hoteli. Cheka, lakini usiondoke. Orodha ya chaneli kwa chumba cha hoteli ni kama orodha ya wageni kwa harusi. Inakuambia nani alikumbukwa na nani hata hakufikiriwa. Na sisi hatukufikiriwa.

Kazi yangu hunilaza kwa hoteli kuliko watu wengi wa umri wangu. Niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ilikuwa inapanda na mimi nashuka, nikaingia kwa kontenti mzima mzima. Leo niko Nakuru nashuti tamasha, wiki ijayo Kisumu, mwezi ujao Mombasa. Nimelala kwa lojing za mia nane, nimelala pia kwa vyumba vya elfu kumi na tano ambavyo, tuseme ukweli, si mimi hulipa. Nimebonyeza rimoti za kila aina, hata zile zimefungwa na raba betri zisianguke. Na nimegundua kitu: kadiri bei ya chumba inavyopanda, ndivyo Kenya inavyopungua kwa TV.

Tuanze chini. Lojing ya kawaida ya town huwa na dekoda moja, na hiyo dekoda hukaa pale mapokezi. Waya zinatoka hapo kuingia kila chumba, kwa hivyo nyote mnaangalia anachoangalia mwenye rimoti huko chini. Rimoti yako ni ya kuongeza sauti na kuzima. Uko namba 14, timu yako iko na kona dakika ya 88, ghafla unaona mhubiri amefumba macho. Kumbe mlinzi wa usiku ameamua mechi imemtosha. Utamfanyia nini? Utateremka na taulo umwambie arudishe?

Lakini tuwape haki yao. Kwa lojing utaiona Kenya. Saa moja ikifika taarifa ya Kiswahili inawekwa, na drama ya Kiswahili pia hauikosi. Ni kwa sababu anayeshika rimoti ni Mkenya anayetaka kujua Kenya imeamkaje na inalalaje.

Hata zile hoteli zetu zingine, za chapo dengu, ziko mbele. Ingia kibanda chochote jioni. TV imewekwa juu kwa kabati ya waya, saa moja inapiga, mama mwenye hoteli anaongeza sauti, watu wanaacha kutafuna. Msee wa nduthi anateta na waziri kama ambaye waziri anamsikia. Hiyo sahani yangu ni ya mia moja na hamsini, na nimepewa nchi yangu bure juu yake. Kisha naenda kulala kwa chumba cha elfu tisa na nchi yangu haipatikani.

Sasa panda ngazi. Hoteli ya nyota tatu, nne. Washa TV. London wako, Atlanta wako, Doha wako, Paris, Berlin na Beijing wote wako. BBC, CNN, Al Jazeera, France 24, DW, CGTN, wamepangana kama wajumbe wa mkutano. Kuna chaneli ya mtu anapika keki. Kuna chaneli ya watu wananunua nyumba Marekani. Kuna mieleka. Kuna chaneli mbili za mitindo ambapo wasichana wanatembea tu, hawafiki popote. Ukifika sitini na kitu ndio unakutana na stesheni moja ya Kenya, picha imejaa mchele, sauti imetangulia midomo. Moja. Hiyo ndiyo nafasi ya wenye nchi.

Kuna hoteli moja, jina nawaachia wenyewe, niliamua kuuliza. Nikashuka mapokezi. Dada wa pale, mpole kabisa, akanisikiliza, akaangalia kompyuta kama ambaye jibu liko huko, akaniambia: "Pole sana boss. Za hapa Kenya hatukuweka. Wageni wetu hawaziangaliangi."

Wageni wetu.

Mimi nimesimama mbele yake. Kadi ya chumba iko mkononi. Begi langu liko juu. Jina langu liko kwa hiyo kompyuta anaangalia. Na bado kwa hiyo sentensi mimi si mgeni wao. Sikumkasirikia, yeye alirudia tu alichoambiwa kazini. Lakini aliyemwambia, huyo ndiye naandikia leo.

Kabla mtu hajasema ni bahati mbaya tu, ati ni vile chaneli zilishika, wacha niwaeleze venye hii kitu hufanya kazi. Nilishawahi kushuti na fundi wa hizi mitambo, na alinifungua macho. Kwa hoteli nyingi za vyumba vingi, kuna kachumba mahali, juu ya paa ama huko chini, kamejaa dekoda zimepangwa kwa rafu kama mikate. Kila dekoda imewekwa chaneli moja na inakaa hapo hapo usiku na mchana. Picha zao zinaunganishwa, zinaongezwa nguvu, zinatumwa kwa waya hadi vyumbani. Hoteli mpya zinatumia waya za intaneti, lakini wazo ni lile lile: namba moja kwa TV yako ni uamuzi mmoja. Ukiona chaneli thelathini za dekoda, jua kuna mtu aliketi na kalamu akachagua thelathini. Alichagua keki. Alichagua mieleka. Alipofika kwa Citizen na KBC, kalamu ikakauka.

Na ukisema utajisaidia, uingie kwa mipangilio utafute chaneli mwenyewe, utapata mlango umefungwa. TV nyingi za hoteli huwekwa katika hali maalum ya hoteli: menyu imefungwa kwa namba ya siri, sauti imewekewa mwisho, hata huwezi kubadilisha kutoka waya mmoja hadi mwingine. Nyumbani ungeskani kwa dakika tatu. Hapa hauna ruhusa.

Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu stesheni za Kenya ni za bure. Bure kabisa. Mkumbuke 2015. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi. Serikali ilikuwa inazima mitambo ya analogi ili tuhamie dijitali, na Februari hiyo Citizen, NTV, QTV na KTN zikatoka hewani karibu wiki tatu, vita vya nani atabeba mawimbi. Nyumba nzima iligeuka kanisa, kimya. Baadaye kila mzazi akaambiwa atafute pesa anunue king'amuzi. Mathe alinunua chetu kwa pesa ya chama, na hakuna siku amewahi kulipia tena stesheni za hapa nchini, kwa sababu mawimbi ya bure hayana bili ya mwezi. Unahitaji antena na king'amuzi cha T2, na TV nyingi za kisasa zinakuja na hicho kifaa ndani tayari.

Kwa hivyo mwanamke anayeuza mboga Githurai alijipanga akapata Kenya kwa TV yake, na hoteli yenye bwawa la kuogelea, jenereta na mtu wa kufungua mlango imeshindwa na antena?

Hata wale wanatumia dekoda za kulipia hawana kisingizio. Kenya imekuwa na kanuni kwamba mwenye TV ya kulipia abebe pia stesheni za bure za hapa. Wenye stesheni walipinga hadi Mahakama ya Juu, na Septemba 2014 mahakama ikasema kubeba hivyo si wizi wa haki zao. Maana yake ni nini kwetu? Maana yake stesheni za hapa ziko ndani ya hizo dekoda nyingi tayari. Hoteli haihitaji kuzitafuta. Inahitaji tu kuacha kuziruka.

Basi kama si pesa na si ufundi, ni nini? Ni picha iliyo kichwani. Mwenye hoteli akifunga macho amuone mgeni wake, anaona mtu ametoka mbali, ana kofia ya safari na kamera shingoni. Mkenya kwa hiyo picha ni dereva wa huyo mtu, ama anayebeba sanduku lake, ama anayecheza ngoma usiku karibu na moto. Hayuko kitandani na rimoti.

Hiyo picha imepitwa. Machi 2020 Korona ilipoingia, Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na hazikurudi hadi Agosti 1. Nani aliitwa? Sisi. Ghafla kila ukurasa wa hoteli ulikuwa na bei ya wakaaji, ofa ya wapenzi, ofa ya familia, watoto wanalala bure. "Tembea Kenya" kila mahali. Tukatembea. Wengine walipanda treni hadi pwani kwa mara ya kwanza, wakajaza vyumba ambavyo vingekaa giza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka huo mgeni alikuwa mwenyeji mwenyewe, na hoteli zikapona. Lakini mtu wa kalamu hakurudi kwa orodha ya chaneli aongeze hata mbili.

Na msiniambie hoteli hazijui kufikiria lugha ya mgeni. Nenda Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wamekuja kwa miaka mingi hadi mabichiboi na wauza samaki wanaongea Kiitaliano. Hushangai ukipata menyu ya Kiitaliano, na hushangai ukipata chaneli ya Kiitaliano kwa chumba. Nenda Diani, Mjerumani anatafutiwa Kijerumani chake. Na ni sawa kabisa! Mtu amesafiri, ametoa pesa, asikie nyumbani kidogo kabla alale. Huo ndio ukarimu. Swali langu ni moja: mbona huo ukarimu unajua njia ya kutoka Milan hadi Malindi, lakini haujui njia ya kutoka Kitale hadi Malindi?

Kinachonichekesha na kuniudhi pamoja ni vile Kiswahili kimejaa hoteli nzima isipokuwa kwa TV. Mlangoni imeandikwa "Karibu". Zulia la miguu linasema "Jambo". Vyumba vinaitwa Twiga, Simba, Kifaru. Dukani kuna fulana ya "Hakuna Matata", bei yake ni nauli ya kurudi nyumbani. Kiswahili kama pambo kinakubalika. Kiswahili cha kusema waziri amefanya nini leo, bei ya unga imefika wapi, mvua imeziba barabara gani, hicho hakina nafasi. Katiba yetu, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haikusema ni lugha ya zulia.

Sasa fikiria ile siku kubwa, ile siku unahitaji habari kweli. Juni 25, 2025, mwaka mmoja tangu wenzetu wapigwe risasi nje ya Bunge. Vijana wako barabarani tena. Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza TV na redio ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mawimbi ya NTV na KTN yakazimwa. Mnakumbuka vile tuliruka? Mitandao iliwaka. Watu wakaenda kortini, na siku hiyo hiyo Mahakama Kuu ikasimamisha agizo. Tulisema kwa sauti moja: hatutazimiwa TV tusione nchi yetu.

Nilikubaliana na kila neno. Ila ujue, kuna maelfu ya vyumba hapa Kenya ambapo hizo stesheni hazikuhitaji kuzimwa, kwa sababu hazijawahi kuwashwa. Mtu aliyekuwa kwa chumba kama hicho siku hiyo, mzazi aliyeenda semina Naivasha na mtoto wake yuko Nairobi barabarani, aliwasha TV akasubiri Atlanta imkumbuke. Sisemi hoteli ni sawa na serikali. Serikali ilitaka tusione. Hoteli haikutufikiria tu. Lakini kwa huyo mzazi, saa moja jioni, skrini ni ile ile.

Na stesheni za nje zina njia yao ya kutuangalia. Sizichukii, kuna kazi nzuri wanafanya, na BBC na CGTN zina ofisi kubwa hapa hapa Nairobi. Lakini kuingia kwa taarifa yao ya dunia nzima, Kenya lazima ivuje damu, ifurike ama ivunje rekodi ya mbio. Siku ya kawaida hatuko. Mgomo wa walimu hauko. Barabara imefungwa Salgaa haiko, na kesho asubuhi wewe unapita Salgaa. Hayo ni mambo ya Nipashe, NTV Jioni, Mbiu ya KTN, Darubini ya KBC. Taarifa ya saa moja imekaa pale miaka yote kwa sababu saa moja ndio watu wamefika nyumbani, na hoteli kwa usiku mmoja ndiyo nyumbani kwako.

Kuna watu wengine hatuwafikirii hapa. Mtoto wa miaka mitano amekuja likizo na wazazi. Kenya ina stesheni ya bure ya watoto, Akili Kids, iko hewani tangu 2020. Kwa chumba anapewa katuni za lugha moja, ya watu wa mbali, wiki nzima. Halafu kuna mgeni kiziwi. Tangu sheria ya 2003 ya watu wenye ulemavu, stesheni za Kenya zinatakiwa kuweka mkalimani wa lugha ya ishara ama maandishi kwa taarifa za habari. Yule mkalimani kwa kona ya skrini anatumia lugha ya ishara ya Kenya. London haina huyo mtu. Ukimnyima kiziwi stesheni za hapa, umemwachia TV ya inchi 43 kama picha ya ukutani.

Halafu tuje kwa biashara yangu, kwa sababu hapa ndipo nacheka kwa uchungu. Hoteli hizi zinatuita sisi watengeneza kontenti. Njoo, lala siku mbili, piga video kwa bwawa, onyesha kiamsha kinywa, sema kwa Kiswahili kile chenu cha vijana, wafuasi wako waje. Wanajua sisi ndio tunauza. Wanajua Mkenya wa miaka 24 haamini tangazo la gazeti, anaamini msee kama yeye ameketi kwa hicho kitanda. Sawa, nauza. Kisha video inaisha, nawasha TV, na hakuna mtu hata mmoja anaongea kama mimi. Wanataka uso wangu uwalete wateja, lakini ndani ya chumba sura za kwetu hazina nafasi hata ya namba 40.

Na si mimi tu. Kuna waigizaji, waandishi wa skripti, wapiga kamera, watu wa sauti, wanaamka saa kumi usiku kushuti drama za Kiswahili. Nchi hii ilimlilia Charles Bukeko, Papa Shirandula wetu, alipofariki Julai 2020, kwa sababu alikuwa ameketi kwa sebule zetu miaka. Alifika kwa sebule kwa sababu sebule zilikuwa na Citizen. Msanii hawezi kupendwa na mtu ambaye hajapewa nafasi ya kumuona. Kila TV ya hoteli ni sebule ya usiku mmoja, na tumefungiwa nje.

Najua mtakuja na majibu. Nimeshayasikia.

Wa kwanza atasema: nani bado anaangalia TV, si kila kitu kiko kwa simu? Poa. Basi hoteli imelipia chaneli themanini za nini? Kama hakuna anayeangalia, ziondoe zote. Hawaziondoi kwa sababu wanajua watu wanaangalia. Na waifai ya hoteli tunaijua, inashika kwa koridoo ikafa mlangoni. Utamaliza bando lako kuangalia taarifa ambayo hewani ni bure? Tena kumbuka mathe na mzee wako. Wao wakiingia chumba wanatafuta rimoti kabla hata hawajavua viatu.

Wa pili atasema: si kuna TV ya kisasa, ingia mtandaoni utafute. Ingia na akaunti ya nani? Niweke neno langu la siri kwa TV ya chumba ambacho kesho saa nne asubuhi si changu? Nimewasha TV za hoteli nikapata akaunti ya mtu aliyelala hapo kabla yangu, jina lake, alichoangalia, kila kitu. Sitaki huyo mtu nijue mambo yake, na sitaki anayekuja nyuma yangu ajue yangu.

Wa tatu atasema: watalii ndio wanaleta doh. Waleteni, na muwaachie chaneli zao. Sijasema mtu atolewe. Nasema tuongezwe. Na huyo mtalii pia, amevuka bahari kuona Kenya. Mpe nafasi aione ikijiongelea yenyewe.

Wa nne, huyu ananigusa kidogo: TV zetu zimejaa wanasiasa na wauza miujiza. Kweli, wako. Lakini hiyo ni hukumu yangu kupitisha, na rimoti yangu. Nikiwa kwangu nabadilisha. Hoteli haikuajiriwa kuwa mlezi wa macho yangu, haswa ikiwa imeniwekea mieleka.

Mkitaka sheria, iko. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na haki ya habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na alicholipia. Na tunalipia. Angalia risiti ya hoteli: kuna VAT ya asilimia 16, kuna asilimia 2 ya ushuru wa utalii. Hakuna mahali imeandikwa Mkenya apunguziwe kwa sababu ameondolewa kwa orodha ya chaneli.

Ninachoomba ni kidogo. Stesheni za hapa ziwekwe, na ziwekwe mwanzo, namba 1 hadi 10, zisizikwe sitini na kitu. Picha na sauti ziwe safi kama za London. Kuwe na karatasi moja kando ya simu ya chumba, chaneli zote, namba na lugha. Na kwa wale wamefunga menyu, fundi aje na antena, askani mara moja, afunge tena aende zake. Hiyo ni kazi ya siku moja. Wanaotengeneza swara kwa taulo kila asubuhi hawawezi kushindwa.

Kwenu nyinyi mnasoma hii: ukibuki chumba, uliza mapema kama mtu anauliza kiamsha kinywa. "Stesheni za Kenya mnazo?" Ukifika na hazipo, teremka mapokezi uliza kwa upole, usimgombeze dada wa watu, mwambie aandike. Ukiandika maoni yako kuhusu hoteli, baada ya kusifu kitanda na kulaumu maji ya moto, ongeza mstari mmoja wa TV. Mtu mmoja akiuliza ni msumbufu. Watu hamsini wakiuliza kwa mwezi, meneja anaita fundi. Wako wepesi sana kusikia kitu kikianza kugusa nyota zao.

Na yule wa kalamu, kama hii imekufikia: safari ijayo uketi na hiyo orodha, mgeni wako wa kwanza kumfikiria awe yule amefika na matatu.